Shimo la Nne

Harufu ilianza mwezi wa pili, wakati mvua za Elnino zilikuwa bado hazijachoka. Mji wetu haujazoea maji mengi. Mtaa wetu wa Kikuyu wote ulikuwa madimbwi, kuta za nyumba za udongo zilikuwa zimelegea, na watu waliokuwa wakiomba mvua mwaka uliotangulia sasa walikuwa wakiomba jua. Asubuhi moja nilifungua leba, chumba cha kuzalishia, ili nideki kabla Sista Sabiha hajafika, nikanusa kitu kama petroli. Nilidhani gari limepita. Nikafungua dirisha, nikangoja, nikadeki. Kesho yake harufu ilikuwepo tena, na kesho kutwa yake.

Nilikuwa mfanya usafi wa zahanati ile kwa mwaka wa tatu. Zamani jengo lilikuwa karakana ya shirika moja la umma la usafirishaji. Serikali ilipoanza kuuza mashirika yake, Mzee Halfani alilinunua kama lilivyo, pamoja na masizi ya ukutani na madoa ya oili sakafuni. Mzee Halfani ni mtu wa Kondoa. Babu yake alifika huko akifuata misafara ya biashara, na ukoo wao haujaacha kuuza na kununua hadi leo. Upande unaotazama barabara aliweka duka la magodoro na mitumba. Upande wa nyuma alimpangisha Sista Sabiha, mkunga aliyepunguzwa kazi serikalini, ambaye badala ya kukaa nyumbani na kulia alifungua zahanati ndogo ya wajawazito. Wanawake walimpenda. Mikono yake haikuwa na haraka.

Kufika mwezi wa nne, wanawake watatu walikuwa wametapika wakiwa leba, na wengine walilalamika kichwa na kizunguzungu. Mwanzoni Sista aliwauliza kama wamekula. Kisha siku moja yeye mwenyewe alitoka mle akishika ukuta. Hapo ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini kama na mimi nilikuwa nanusa kitu. Nikamwambia ndiyo, tangu mwezi wa pili. Alinitazama, akauliza kwa nini sikusema. Mtu wa kufagia anadhani kila harufu ni kosa lake.

Kilichomtisha Sista zaidi ni jiko. Vyombo vyake alivichemshia juu ya jiko la mafuta ya taa mle mle leba, hatua mbili kutoka kitandani. Aliwasha kibiriti mle kila siku ya Mungu.

Akamtafuta Faridi, kijana msomi wa mambo ya miamba na visima, ambaye mke wake alikuwa amejifungulia kwetu. Faridi alisema mahali palipokuwa na karakana huwa pana matangi ya mafuta chini ya ardhi. Tangi likivuja, mafuta hukaa kwenye udongo, na maji ya mvua yakipanda kutoka chini huisukuma hewa ya mafuta juu, hadi ndani ya nyumba. Mzee Halfani alipoulizwa alisema matangi yalifukuliwa kabla hajanunua. Waliomuuzia walimwambia hivyo, na karatasi ilisema hivyo. Faridi akajibu kwamba karatasi haina pua. Aliazima kipimo cha gesi kutoka kampuni moja ya mafuta Dar es Salaam, wakampa kwa wiki moja tu.

Wiki hiyo hiyo binti yangu Emiliana alifika kutoka Kongwa. Alikuwa na mimba ya miezi tisa. Ya kwanza iliharibika kwenye mwezi wa sita. Ya pili ilitimia, mtoto akazaliwa kimya, na kimya kile sijakisahau, maana nilikuwa nimewashikia taa wauguzi. Safari hii mumewe Batholomeo, ambaye huchunga ng'ombe wa ranchi, alisema mke wake atazalia kwa yule Sista wa mama mkwe na si kwingine. Sista alimpima Emiliana siku ya Jumapili baada ya misa, akasema mtoto amekaa vizuri, na kwamba wiki haitakwisha.

Nikapiga hesabu. Mtoto na kipimo vilikuwa vinakuja wiki moja, kwenye chumba kimoja.

Jumatatu Faridi alikuja na fundi Athuman, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyebeba drili, nyundo kubwa na nondo ndefu. Walitoboa sakafu mahali pane: ghala la duka, chumba cha mapokezi, ukumbi wa kusubiria, na leba. Drili ilipomaliza simenti, Athuman aligongomea nondo ardhini hadi ikazama urefu wa kufika kifuani kwa mtu, kisha akaizungusha na kuichomoa. Ndani ya tundu Faridi aliteremsha mrija mwembamba wa plastiki wenye vitundu mwishoni. Akaufukia kwa mchanga mkavu, juu yake akatia udongo wa unga unaovimba ukiloweshwa, na juu kabisa simenti kidogo. Nje ulibaki mdomo wa mrija, mrefu kama kidole, wenye kizibo cha mpira.

Nilikuwa nimesimama na fagio langu. Faridi aliniamkia, akaona nashangaa.

"Udongo nao unapumua, mama," alisema. "Tunataka kujua unapumua nini."

Alisema mirija iachwe itulie hadi kesho, asiichomoe mtu. Walipoondoka nilitazama sakafu. Vumbi jeupe la drili lilikuwa kila mahali, alama za buti, matone ya simenti, na wekundu wa sakafu ulikuwa umechubuka kama goti la mtoto. Asubuhi Mzee Halfani mwenyewe angekuja kuangalia. Mimi nililelewa kwamba mgeni hapokelewi kwenye sakafu chafu.

Nikadeki. Kisha nikachukua kopo la polishi nyekundu, nikailegeza kwa mafuta ya taa kama tunavyofanya wote, maana inaenea mbali na viroboto wanakimbia, nikapiga magoti na kusugua mapokezi, ukumbi, na hata ghala la duka, kwa sababu ufunguo nilikuwa nao. Sikuichomoa mirija. Ila vizibo vilikuwa na vumbi, na nisingeweza kuacha kitu kichafu katikati ya sakafu inayong'aa. Nilivitoa kimoja kimoja, nikavifuta kwa tambara langu, nikafuta na midomo ya mirija, nikavirudisha. Leba sikutia polishi. Sista amekataza mafuta ya taa sakafuni mle kwa sababu huwatapisha wanawake. Mle ni maji, sabuni na dawa tu. Lakini kizibo cha mle nilikifuta pia. Tambara lilikuwa lile lile.

Nilikwenda nyumbani nimeridhika. Nilimwambia Emiliana sakafu imewaka kama ya kanisani.

Jumanne walianza saa tatu. Sista alikuwa na mama mjamzito chumbani, kwa hiyo Faridi aliuliza nani anaweza kuandika namba. Nikasema mimi naweza. Nilikuwa nimefika kwenye asilimia katika masomo ya jioni ya watu wazima, na mwalimu alikuwa ameacha kunisahihisha nukta. Faridi alinipa daftari bila kuuliza zaidi, na jambo hilo lilinifurahisha.

Furaha haikudumu. Alichomeka mpira wa kipimo kwenye mrija wa ghala, akavuta hewa kwa pampu ndogo ya mkono, na mshale ukainuka. Thelathini na nane. Mapokezi, arobaini na moja. Ukumbi, arobaini. Leba, themanini na tano. Mwisho alizima kipimo akamwita Sista na Mzee Halfani.

Aliwaeleza kwamba namba zile zinapima hewa inayoweza kushika moto, na kwamba mia ni pale ambapo njiti moja ya kibiriti inatosha. Kama mafuta yamesambaa chini ya jengo zima kiasi kile, hapana chumba cha kuokoa. Zahanati ifungwe leo, na duka pia. Mzee Halfani aliketi juu ya godoro lililokunjwa. Sista alitoka kwenda kuwaambia wanawake waliokuwa kwenye benchi warudi nyumbani. Emiliana alikuwa miongoni mwao, ameshika kiuno.

Nilibaki na daftari. Nilizitazama zile namba kwa sababu nilikuwa nimeziandika mwenyewe na ziliandikwa vizuri. Thelathini na nane, arobaini na moja, arobaini. Ghala liko barabarani, mbali na leba, na tangu mwezi wa pili sijawahi kunusa kitu ghalani. Kwa nini lifanane na ukumbi? Ni kitu gani kilikuwa sawa kwenye vyumba vile vitatu?

Nikajua.

Nilitoka uani, nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nilianza Salamu Maria nikashindwa kuimaliza, kwa sababu kila nilipofika katikati nilijisikia nikiomba kitu kibaya, nikiomba mtu mwingine agundue. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria nikinyamaza, zahanati itafungwa kwa ajili ya polishi yangu. Nikarudi ndani kabla miguu haijabadili mawazo.

"Bwana Faridi," nilisema, "jana jioni nilisugua sakafu kwa mafuta ya taa. Nikafungua na vizibo, nikavifuta."

Faridi alipiga magoti kwenye mapokezi, akaweka pua karibu na mdomo wa mrija, kisha akaikwangua ile simenti mpya kwa kucha. Ilikuwa nyekundu. Polishi ilikuwa imenyonywa humo kabla simenti haijakauka vizuri. Alikaa chini pale pale na kufunika uso kwa mikono, na nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Mama," alisema, "nimesoma miaka minne chuo kikuu. Hawakunifundisha kuhusu polishi."

Mzee Halfani alisimama kutoka kwenye godoro akasema alhamdulillahi mara tatu. Alicheka kuliko Faridi. Alisema kumbe wamekaa pale wakizika jengo zima na maiti yenyewe ni kopo la polishi. Kumbe hata hao wanawake waliokuwa wakitapika, ni Mama Emi na mafuta yake ya taa. Alimwambia Athuman akusanye vifaa, akamwambia Sista awaite wanawake wake warudi, akanipiga piga begani kama mtu anayemsamehe mtoto. Hata Sista alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa na maji. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakifurahia kosa langu kiasi kile. Ningeweza kutabasamu pamoja nao, na mambo yakaisha.

Lakini daftari lilikuwa bado mkononi. Themanini na tano.

Nikasema leba sijawahi kutia polishi, wala jana wala mwaka jana. Faridi aliuliza kama kizibo cha leba nilikifuta. Nikasema ndiyo, kwa tambara lile lile. Basi, alisema Mzee Halfani, ni tambara. Faridi alikubali kwamba huenda ni tambara. Lakini alisema huenda, na alilisema polepole.

"Polishi na tambara vimetia arobaini pale nilipomwaga kopo zima," nilisema. "Mle lilipogusa tambara tu, limetia themanini na tano?"

Mzee Halfani aliacha kucheka. "Mama Emi, jana fundi wa polishi, leo bingwa wa gesi. Kesho utatupasua matumbo?"

"Binti yangu atalala mle wiki hii, Mzee. Kabla ya polishi yangu harufu ilikuwepo. Mle ndani nimeinusa tangu mwezi wa pili, na nilinyamaza. Sasa siwezi tena."

Alisema sakafu yake imekwisha kutobolewa mara nne kama chujio. Alisema kipimo kinarudi Dar Ijumaa. Alisema mambo mengine pia ambayo hayakuwa na maana, na nadhani alijua, kwa sababu alikuwa akitazama mlango wa leba muda wote. Faridi alisema mirija mipya ikiwekwa leo, itatulia siku mbili kamili na kupimwa Ijumaa asubuhi kabla ya basi. Athuman akasema nondo yake haijachoka. Hatimaye Sista Sabiha alikwenda, akalibeba lile jiko kutoka leba, akalitoa hadi uani, akarudi na kufunga mlango wa leba kwa ufunguo.

"Hadi Ijumaa," alisema.

Walitoboa tena vyumba vyote vinne, leba ikifunguliwa kwa kazi hiyo tu, hatua moja kando ya matundu ya kwanza. Safari hii Faridi mwenyewe alinionyesha kizibo, akafunga utepe juu yake, na kunitazama.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Hakuna aliyedeki, hakuna aliyewasha jiko ndani. Nilifagia uani tu. Wanawake walipimwa chini ya kibanda cha turubai, na wawili waliokuwa na uchungu walipelekwa hospitali kubwa kwa pikapu ya Mzee Halfani, naye akitoa pikapu huku akinung'unika. Vumbi lilikaa juu ya vizibo na mimi nilipita kando nimekunja mikono.

Nyumbani Emiliana aliniuliza kwa nini nimejiingiza. Kama ningenyamaza baada ya watu kucheka, chumba kingekuwa wazi na Sista angekuwepo. Alisema haogopi harufu. Anaogopa kubebwa kwenye gari hadi kwa watu asiowajua, kama mara ya pili. Alilia kidogo, kisha akaomba msamaha, kisha akalia tena. Nilimkanda mgongo.

Kusali pia kulinishinda kwa namna nisiyoizoea. Nilitaka kuomba sifuri. Niliomba mara moja, nikasimama. Kilichokuwa chini ya sakafu kilikuwa kimekwisha kuwa chini ya sakafu. Sikuona haki kumwomba Mungu akifiche kisionekane kwa sababu mtoto wangu anataka kitanda. Mwisho niliomba jambo dogo, kwamba Ijumaa mkono wangu uandike namba itakayotoka na si nyingine. Nililala vibaya hata hivyo.

Ijumaa alfajiri Emiliana aliniamsha. Chupa ilikuwa haijapasuka, ila uchungu ulikuwa unakuja na kurudi. Tulitembea hadi zahanati polepole, tukisimama kila ulipomshika. Sista alimpima chini ya turubai, akasema bado yupo mbali kidogo, lakini si mbali sana. Pikapu ilikuwa imekwenda kituo cha mabasi kuchukua marobota. Emiliana alianza kutembea barazani, kwenda na kurudi, mkono ukutani, upande wa pili wa ukuta wa leba.

Faridi alifika saa mbili. Begi lake la safari lilikuwa begani. Nilichukua daftari bila kuombwa.

Ghala. Alivuta hewa mara kumi, tukangoja. Mshale haukugutuka. Aliugonga kioo kwa kidole, akavuta tena. Sifuri. Nikaandika, na Mzee Halfani akatoa pumzi. Mapokezi, sifuri. Akatabasamu sasa, akanitazama, na nilijua analichagua neno la kunitania nalo. Ukumbi, sita. Tabasamu lilibaki lakini lilikuwa jembamba zaidi. Nje nilimsikia Emiliana akihema, na Sista akimhesabia.

Sista alimpa Faridi ufunguo wa leba kupitia dirishani. Mlango ulipofunguliwa, harufu ilitupokea. Chumba kilikuwa kimefungwa siku mbili na nusu, na hapakuwa na polishi wala tambara la kusingiziwa. Faridi aliingia peke yake, akituambia tusimame mlangoni. Alikata utepe, akachomeka mpira. Alivuta mara moja. Mara ya pili mshale ulikuwa umepita mia na kulala mwisho wa kioo, ukitetemeka.

Hakungoja mara ya tatu. Alirudisha kizibo, akafungua dirisha, akatoka. Aliniambia niandike zaidi ya mia. Niliandika, na ilisomeka.

Niliwafikiria akina mama waliojifungulia mle wiki iliyotangulia, na wiki za nyuma yake. Nilifikiria njiti za kibiriti zote nilizozizoa mle sakafuni kwa fagio langu.

Mzee Halfani alikwenda hadi mlangoni, akasimama, akanusa kama mtu anayenusa maziwa. "Walisema wameyafukua," alisema. Hakumwambia mtu yeyote. "Nilitia saini."

Nje Emiliana aliita jina langu, na safari hii hakuita kwa kulalamika. Sista alisema njia imefunguka, gari halitafaa tena hata likirudi sasa hivi. Alihitaji chumba. Turubai lilikuwa linapigwa na upepo wa mwezi wa tano, wenye vumbi na baridi. Mapokezi palikuwa pameshikana ukuta na ukumbi, na ukumbi ulikuwa na ile sita. Faridi alitazama daftari juu ya bega langu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ghala," alisema. "Ndiko salama kabisa. Funga mlango wa katikati, fungua wa barabarani."

Mzee Halfani alitazama ghala lake, marobota yamepangwa hadi darini. Kisha alianza kufungua vifungo vya mikono ya shati. Yeye, Athuman na Faridi waliyatupa marobota barabarani, na watu waliokuwa wakipita walidhani ni mnada wakaanza kukusanyika. Mzee aliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Alichagua godoro jipya lililokuwa bado ndani ya nailoni, akalichana nailoni kwa meno, akalitandika sakafuni. Vyombo Sista alivichemsha uani. Mimi nilimshika Emiliana mabega, na kila alipokaza nilikuwa nikinusa, nikinusa, kama mbwa. Nilisikia harufu ya pamba na vumbi la mitumba. Hakuna kingine.

Saa sita na nusu mtoto alitoka. Wa kike. Alikuwa kimya.

Sista alimfuta mdomo, akamgeuza, akamsugua mgongo kwa kitambaa. Sikuhesabu muda ule na sitaki kuuhesabu. Kisha mtoto alikunja uso kama mtu aliyeudhiwa, akalia. Nje barabarani mwanamume mmoja alipiga makofi, na Mzee Halfani akamwambia anyamaze, mama anapumzika.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Faridi alikuwa amekosa basi. Alikuwa nyuma ya jengo na Athuman, wanachoma nondo ardhini kando ya ukuta wa leba, na mara ya tatu nondo iligonga chuma. Tulisikia mlio hadi ghalani. Emiliana hakuuliza ni nini. Alikuwa anamtazama mtoto.

Sista Sabiha aliniita kwenye baraza. Alikuwa ameshika kitabu cha waliojifungua, amekifungua mwezi wa pili. Waliojifungulia mle tangu hapo walikuwa wanawake kumi na saba. Faridi alikuwa amemwambia saa chache mle ndani hadhani kama zimemdhuru mtoto yeyote, kwamba hatari kubwa ilikuwa moto. Sista alirudia neno hilo, hadhani, na nikaona kwamba halikumtosha, kama lisivyonitosha mimi.

"Lazima tuwaone wote," alisema. "Tuwaambie, na niwapime watoto. Mimi siwezi kumwacha Emiliana leo."

Nilimwambia nitaanza mimi. Nilimbusu binti yangu, nikanawa mikono, nikaenda. Wa kwanza kwenye orodha yangu alikuwa Anifa, aliyejifungua wiki sita nyuma, anayekaa ng'ambo ya reli. Njiani nilijaribu kupanga maneno, nikayapanga mara nyingi. Niseme nini kwanza, kwamba palikuwa na tangi, au kwamba nilinusa tangu mwezi wa pili?

Mlango wake ulikuwa umerudishwa. Nilipiga hodi, hakuna aliyejibu. Nikapiga tena. Ndani palikuwa kimya, nikaweka mkono kwenye ubao wa mlango ili nisukume. Ndipo mtoto alipoanza kulia mle ndani, kwa nguvu, kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Nilisimama pale nikamwacha alie.

Anifa alifungua, kanga kifuani, mtoto begani. Aliniamkia, akanikaribisha, akauliza kuna nini mbona natoka jasho.

Niliingia, nikamwomba akae.